Ile picha ya rangi si foto, ni hesabu

Siku hizi mikutano mingi ya mambo ya mines inafanana. Wakubwa wanakaa mbele, wakaaji wanakaa kwenye viti vya plastiki, mutu anawasha projektere, na kwenye ukuta inatokea picha ya chini ya udongo. Jiwe lenye shaba mingi ni jekundu, lenye shaba kidogo ni kijani, lile la bure ni bluu. Picha inazunguka polepole kama kitu unachoweza kushika. Watu wananyamaza, wengine wanapiga mikono. Kisha wanaambiwa: "Munaona? Shaba inapita chini ya mashamba yenu, itabidi muhame." Ao tena: "Munaona? Hii mine itaishi miaka 20, kazi iko." Na mazungumuzo yanaishia pale, juu nani atabishana na kitu alichokiona na macho yake?

Sisi tunasema hivi: hakuna mutu aliyekiona na macho. Wala sisi, wala mukubwa wa kijiji, wala yule injenieri anayeshika mashine. Hakuna foto inayopigwa mita 300 chini ya udongo. Ile picha ni hesabu iliyopakwa rangi. Hatusemi ni uongo. Hesabu nzuri inasaidia sana, na hapa chini tutaonyesha kwamba inaweza hata kuokoa maisha. Lakini hesabu inakubali kuulizwa maulizo, na sisi watu wa mines tumezoea kunyamaza mbele yake sababu tunaiona kama foto. Hiyo ndiyo tunataka ibadilike.

Kilichopimwa ni kidogo sana

Tuanze na kazi yenyewe. Mashine ya sondaje inatoboa kitundu chembamba, upana wake karibu na ule wa chupa ya bia, kinachoweza kushuka mita mia na zaidi. Ndani yake inatoka jiwe refu la muviringo linaloitwa karoti. Wanalipasua mara mbili: nusu inabaki ndani ya kisanduku, nusu inakatwa vipande na kwenda labo. Labo inarudisha namba: katika kipande hiki shaba ni asilimia 4, katika kile ni asilimia 2. Ndiyo ile tunaita teneur. Kila kipande kinapewa tena namba tatu za kuonyesha pahali kilitoka: upande wa mashariki, upande wa kaskazini, na urefu wa kushuka.

Ni hizo tu zilizopimwa kwa kweli. Sasa fikirini: tuseme kitundu kina upana wa sentimeta 10, na vitundu vimeachana mita 100 kila upande. Kila kitundu kinasemea shamba la mita 100 kwa mita 100. Ukipiga hesabu, utaona kwamba pahali palipoguswa hapafiki hata sehemu moja juu ya milioni moja. Yote inayobaki kwenye picha, yale mawingu mekundu na kijani, hakuna mutu aliyeifikia. Imejazwa na hesabu.

Inajazwa namna gani? Tuchukue mufano mudogo, mutoto wa masomo anaweza kuufanya kwenye daftari. Kitundu cha kwanza kimetoa shaba asilimia 4. Cha pili, mita 100 mbali, kimetoa asilimia 2. Kati yao kuna bloki moja ya jiwe, iko mita 25 kutoka cha kwanza na mita 75 kutoka cha pili. Bloki hiyo iko na shaba ngapi?

Injenieri mumoja anasema: shaba inapunguka sawasawa njiani. Bloki iko kwenye robo ya njia, basi ni asilimia 3,5.

Mwenzake anasema: hapana, kitundu cha karibu kisikiwe zaidi. Kile cha pili kiko mbali mara 3, basi sauti yake iwe ndogo mara 9. Cha kwanza kinapewa sauti 9, cha pili sauti 1. Mara 9 kwa 4 ni 36, ongeza 2 ni 38, gawanya kwa 10: asilimia 3,8.

Wa tatu anakuja na kusema: ngojeni, kati ya vitundu hivi kuna faille, udongo ulikatika, labda shaba inaishia mbele ya kufika katikati. Kwa yeye hiyo hesabu yote mbili haifai mpaka watoboe kitundu kingine.

Hakuna aliyedanganya hapo. Lakini angalieni matokeo. Kama bloki iko na mita 10 kila upande, na mita kubo moja ya jiwe ni tani 2,5, bloki nzima ni tani 2 500. Kwa asilimia 3,5 inatoa tani 87,5 za shaba. Kwa asilimia 3,8 inatoa tani 95. Tofauti ni tani 7,5 kwa bloki moja tu, na mine moja iko na bloki maelfu na maelfu. Na kama yule aliyechagua rangi alisema nyekundu inaanza kwenye 3,6, basi bloki ileile ni nyekundu kwa injenieri mumoja na si nyekundu kwa mwenzake. Karoti ni zilezile. Labo ni ileile. Ikiwa nyumba yako iko juu ya bloki hiyo, utataka kujua ni hesabu gani ilitumika.

Hesabu iliyozaliwa ndani ya mines

Watu wengi wanafikiri kwamba hesabu hizi zilitoka kwa wazungu waliokaa mbali na vumbi. Kumbe zilizaliwa ndani ya kazi ya mines, na sehemu yake hapa Afrika. Mwaka 1951, katika Afrika ya Kusini, injenieri wa mines Danie Krige aliandika kazi juu ya zahabu ya Witwatersrand. Tatizo lilikuwa hili: sehemu ambazo sampuli zilisema ni tajiri sana, wakati wa kuchimba zilitoa kidogo kuliko zilivyoahidi. Na zile zilizosemwa ni maskini zilitoa zaidi kidogo. Juu ya nini? Sababu sampuli ni ndogo, na bahati inaweza kuiangusha kwenye kipande kizuri ao kibaya. Ba creuseurs wanalijua jambo hilo bila kusoma kitabu: jiwe moja linalongaa juu ya mufuko halisemi mufuko muzima. Krige alitafuta njia ya hesabu ya kusahihisha kosa hilo.

Kisha Mufaransa Georges Matheron, aliyetumika katika mambo ya mines huko Algeria, alichukua wazo hilo na kulijengea msingi kamili wa hesabu. Njia hiyo akaiita krigeage, kwa heshima ya Krige. Mwaka 1968 alianza kituo cha utafiti huko Fontainebleau, chini ya École des Mines ya Paris. Leo programu za mines duniani kote zinatumia krigeage, hata kwa shaba na kobalti ya kwetu. Yeye pamoja na Jean Serra waligundua tena namna ya kupima maumbo ndani ya picha, na kazi hiyo ilianza mwaka 1964 juu ya jiwe la chuma la Lorraine. Leo njia zao zinatumika hata katika picha za hospitali. Basi musione aya kusema kwamba hesabu ni mambo yetu. Zilitoka kwenye mawe.

Kuna jambo moja la krigeage ambalo kila mukaaji wa muji wa mines angepaswa kulijua. Kwa kila bloki, hesabu hiyo haitoi namba moja, inatoa mbili. Ya kwanza inasema: tunafikiri shaba hapa ni ngapi. Ya pili inasema: mashaka yetu ni makubwa kiasi gani. Karibu na kitundu mashaka ni madogo, mbali na vitundu yanakuwa makubwa. Ile namba ya pili inaweza kutolewa kwa kila bloki. Inaweza kupakwa rangi kama ya kwanza. Lakini kwenye ukuta wa mikutano, sisi tunaonyeshwa namba ya kwanza peke yake. Ya pili inabaki ndani ya mashine. Hapo ndipo shida yetu yote inakaa.

Namna namba inageuka picha

Ordinatere haijui mulima wala shimo. Inajua pembetatu. Kila umbo unaloliona kwenye ekrani limekatwa kuwa pembetatu nyingi ndogo, na kila ncha ya pembetatu ni namba tatu tu. Kwa kuziweka kwenye ukuta ulio bapa, ordinatere inagawanya kwa umbali: kitu kilicho mbali mara mbili kinaandikwa kidogo nusu. Ndiyo maana njia ya treni inaonekana kama vyuma vyake viwili vinakutana kule mbele. Kwa kuzungusha picha, inatumia sinus na cosinus, lile somo ambalo watoto wetu wanauliza kila mwaka: "Papa, hii itanisaidia nini?" Itakusaidia hivi, mwanangu.

Inabaki mwangaza. Mwaka 1971, katika Université ya Utah huko Marekani, Mufaransa mwengine, Henri Gouraud, alitafuta namna ya kuficha alama za pembetatu. Alihesabu mwangaza kwenye ncha tu, kisha akauchanganya polepole ndani ya pembetatu. Alijaribu kwa umbo la uso wa bibi yake, na ule uso uliokuwa kama jiwe lililochongwa vibaya ukawa laini. Mwaka 1987, William Lorensen na Harvey Cline wa General Electric walionyesha namna ya kupita ndani ya visanduku vya namba na kutoa uso wa kitu, kwa mufano mufupa ndani ya picha ya skana. Njia za ukoo huo ndizo zinachora ukingo wa shaba ndani ya jiwe.

Muone sasa mutego. Ule ulaini unaotufanya tuamini picha hautoki chini ya udongo. Unatoka kwa hesabu ya mwangaza. Mine iliyotobolewa vitundu 200 na mine iliyotobolewa vitundu 12 zinaweza kungaa sawasawa kwenye ekrani. Jicho halitaona tofauti. Uzuri wa picha unatuambia kwamba programu ni nzuri, hautuambii kwamba kazi ya sondaje ilifanywa vizuri. Tukichanganya hizo mbili, tunajidanganya wenyewe, na hatuwezi kumulaumu mutu.

Namba zilizookoa watu

Mutu asiseme kwamba tunachukia mashine. Huko huko Utah, karibu na muji uleule ambapo Gouraud alifanya kazi yake, kuna shimo kubwa la shaba linaitwa Bingham Canyon. Kwa wiki mingi mwaka 2013, vipimo na rada vilionyesha kwamba ukuta mumoja wa shimo unasogea, milimeta kwa milimeta. Jicho la mutu halikuweza kuona hivyo. Lakini namba zilipowekwa kwenye mustari, mustari ulikuwa unapanda, na kila siku ulipanda mbio zaidi. Wakubwa waliwatoa wafanyakazi wote. Usiku wa tarehe 10 Aprili 2013 ukuta ukaanguka mara mbili, zaidi ya tani milioni 100 za mawe. Hakuna mutu hata mumoja aliyekufa wala kuumia.

Lakini sikieni na upande wa pili. Mawe yalikimbia mbali kupita vile walivyofikiri, yakafika hata kwenye malori makubwa yaliyobaki chini. Hesabu ilisema kweli juu ya wakati, na haikusema kweli yote juu ya umbali. Watu walipona sababu wakubwa waliheshimu mashaka: hawakuacha mutu ndani ya shimo kwa kutegemea mustari uliochorwa.

Hapa kwetu tunakumbuka Machi 2016, huko Kolwezi, wakati ukuta wa shimo la KOV ulipoanguka na wafanyakazi 7 walikufa. Hatuandiki ili kuhukumu, wala hatusemi kwamba mashine moja ingetosha. Tunasema hivi tu: kama kuna ekrani inayoonyesha ukuta wenye rangi, ile ekrani si ya ofisi peke yake. Dereva wa lori aliye chini ya ukuta angepaswa kujua nyekundu inamaanisha nini, ilipimwa saa ngapi, na ni nani yuko na ruhusa ya kusema "Tokeni".

"Hayo si mambo yenu"

Tunajua tutajibiwa nini. Wamoja watasema: hayo ni mambo ya mainjenieri, mutu asiyesoma hawezi kuelewa. Sisi tunajibu: nendeni kwenye depo. Muone creuseur anavyofuata mashine ya kupima teneur, anavyojua kwamba ukiigusisha kwenye jiwe zuri inapanda na ukiigusisha kwenye vumbi inashuka, anavyobishana juu ya nukta moja ya asilimia sababu nukta ile ni chakula cha watoto. Muone mama wa soko anavyogeuza franga kuwa dola na dola kuwa franga, bila kalamu, mara mia kwa siku. Watu hawa hawakosi akili ya hesabu. Wanakosa mutu wa kuwafungulia mulango.

Wengine watasema: namba za sondaje ni siri ya kampuni, mushindani anaweza kuiba. Tunasikia neno hilo, liko na sababu yake. Lakini hatuombi namba zote. Kuonyesha pahali vitundu vilitobolewa, na kuonyesha pahali mashaka ni makubwa, hakutoi siri ya bei. Na kama picha inaweza kuonyeshwa ili tukubali kuhama, basi yale yanayoibeba yanaweza kuonyeshwa pia. Hauwezi kutumia picha kama ushahidi na kuificha kama siri kwa siku moja.

Na wengine, hawa ni ndugu zetu, watasema: picha zote ni uongo wa wakubwa, tusiamini kitu. Hapo tunakataa vilevile. Anayekataa kila hesabu ataingia chini ya ukuta siku rada inasema usiingie. Kuuliza si kukataa.

Tunaomba mambo manne

La kwanza: katika kila mukutano ambapo picha ya mine inaonyeshwa kwa wakaaji, vitundu vya sondaje vionyeshwe ndani yake, na picha ya pili ifuate, ile ya mashaka. Iandikwe hivyo kwenye cahier des charges, ili isitegemee moyo muzuri wa mutu mumoja.

La pili: rangi zisemwe kwa namba. Nyekundu inaanzia wapi, nani aliamua, na ingekuwa namna gani kama ingeanza juu kidogo ao chini kidogo.

La tatu: kwa kuta za mashimo, wafanyakazi wa kila zamu waelezwe picha ya siku hiyo kwa Kiswahili, mbele ya kushuka.

La nne ni letu wenyewe, wazazi. Sheria ya mines iliyobadilishwa mwaka 2018 inaomba kampuni itoe kwa uchache asilimia 0,3 ya feza za mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka. Mara mingi tunaomba kisima, barabara, kiwanja cha mupira. Ni vizuri. Tuombe pia walimu wa hesabu na ordinatere chache zenye kufanya kazi, na tusimwambie binti kwamba Math-Physique si ya wasichana. Mutoto anayejua kugawanya kwa umbali na kuzungusha pembetatu anaweza kesho kukaa nyuma ya ile mashine. Ataingia katika mukutano na kuelezea kijiji chake, kwa luga ya kijiji chake, ni kitu gani kimepimwa na ni kitu gani kimefikiriwa tu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu iko chini ya udongo, na daftari lake siku hizi liko na rangi na linazunguka kwenye ukuta. Mara nyingine watakapowasha projektere, wa baba na wa mama, kabla ya kupiga mikono, mumoja wenu asimame na kuuliza kwa heshima: "Injenieri, tuonyeshe vitundu viko wapi." Atakayejibu vizuri, tumusikilize. Atakayekasirika, tumuulize tena.